Kitanda Usichokilalia

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hakuna mwalimu asiyepata kuiandika methali hii ubaoni. Lakini siku hizi imepewa kazi isiyo yake. Wapo vijana wenye kushika kalamu, na wakubwa wao wenye kuhukumu vitabu, ambao wameigeuza kuwa kufuli. Wataka kila mwandishi aandike habari za watu wake tu, asivuke mpaka. Mwanamume asimsemee mwanamke, mtu wa bara asimsemee mvuvi, na yule asiyepata kulala na njaa asitie mwenye njaa katika hadithi yake. Ukiwauliza sababu hukuongezea methali ya pili, kwamba adhabu ya kaburi aijua maiti, kisha hunyamaza kama watu waliokwisha kushinda kesi.

Upande wa pili wako waungwana wapole. Hao husema kwamba hakuna mpaka wowote, maana binadamu wote ni wamoja, na moyo wa huruma watosha. Jitie mahali pa mwenzio, wasema, ulie alipolia na kuogopa alipoogopa, nawe utamwandika sawasawa hata kama hujapata kumwona kwa macho.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika wilaya ya Kibiti, na darasani mwangu mna watoto wa barabarani na watoto wa visiwani, watoto wa wakulima na watoto wa wafugaji. Nimezisikia pande hizi mbili zikishindana mpaka nimechoka, nami sasa nataka kusema langu. Wote wamekosea. Walakini, ndugu wasomaji, kosa la hao wapole ni kubwa kuliko kosa la wenye kufuli, na sisi watu wa Rufiji tuna haki ya kulisema hilo kuliko watu wengi, kwa sababu tulikwisha kuhurumiwa.

Nianze na wenye kufuli, kwa kuwa jibu lao si refu. Kama adhabu ya kaburi aijua maiti peke yake, basi ni nani atakayesimulia habari za Kinjikitile Ngwale? Mtu huyu alikaa Ngarambe, akagawa maji ambayo watu waliamini kwamba yatazishinda risasi za Wajerumani, na tarehe 4 Agosti 1905 akanyongwa Mohoro, siku chache tu baada ya vita vya Majimaji kuanza katika nchi ya Wamatumbi. Hakuacha barua wala kitabu. Wazee waliokumbuka vita vile walitoa habari zao kwa mwanahistoria Gwassa na wenziwe katika miaka ya 1960, nao wazee hao wamekwisha kutangulia. Kitanda kile hakina tena mtu aliyekilalia. Tukiifuata amri ya kufuli, Kinjikitile atabaki katika makaratasi ya wale waliomnyonga, maana wao ndio waliokuwa na karani na wino tangu siku ya kwanza. Hapo ndipo nionapo hila ya kufuli, hata kama wenye kulitia hawakuikusudia: humzuia mwenye haya, na mwenye nguvu alikwisha kuingia ndani zamani.

Ebrahim Hussein hakukubali kuzuiwa. Alizaliwa pwani ya kusini mwaka 1943, miaka 38 baada ya kamba ile ya Mohoro. Alikuwa mtu wa chuo kikuu, si mganga wa Ngarambe, wala hakupata kulimishwa pamba kwa kiboko. Mwaka 1969 tamthilia yake, Kinjeketile, ilipigwa chapa, na katika utangulizi aliwaonya wasomaji kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha fikira zake, asichukuliwe kuwa ndiye yule wa historia. Wengine huyaona maneno hayo kuwa ni kujikinga. Mimi nayaona kuwa ni adabu. Hakujidai kwamba ameingia moyoni mwa marehemu na kutoka na siri zake.

Tena tazama alivyoanza. Hakutangulia kuonyesha ngoma ya vita wala mganga akitoka mtoni. Alianza na wanawake wawili wakizungumza, na mazungumzo yao ni njaa, na waume zao wanaolimishwa shamba la Mjerumani. Makabila ya mchezo ule hushukiana kabla ya kuungana, kama makabila ya kweli yafanyavyo. Na mwishoni, Kinjeketile amefungwa, atakiwa kukiri kwamba maji yalikuwa uongo, naye akataa. Hakatai kwa ajili ya kuyaamini maji. Akataa kwa sababu ajua kwamba akilitamka neno hilo, watoto watakaozaliwa wataambiwa kwamba kupigana kwenyewe kulikuwa kosa. Wazo hilo lilihitaji mtu aliyefikiri sana juu ya neno na nguvu zake, jinsi linavyomtoka msemaji likaenda likazaa mambo asiyoyataka. Hussein alikuwa mtu wa maneno. Alivuka kwa mtumbwi aliokuwa nao, wala hakuazima mtumbwi wa uongo.

Na kuzaliwa ndani ya jambo si kinga ya kuliandika vibaya. James Mbotela, mwalimu mwenzetu wa Freretown karibu na Mombasa, alikuwa mwana wa mtumwa aliyekombolewa, na kitabu chake Uhuru wa Watumwa kilitoka mwaka 1934. Nakiheshimu kitabu kile, kwa kuwa pasipo yeye habari nyingi za wazee wale zingalipotea. Lakini kisome leo uone shukrani kwa Waingereza zilivyotanda, hata mara nyingine watumwa wenyewe, yaani baba zake mwandishi, huwa kama watu wa kupakiwa na kupakuliwa tu, kwanza na wenye majahazi, halafu na wenye manowari. Aliyekilalia kitanda hakutuonyesha kunguni wote. Labda aliona haya mbele ya wenye nyumba.

Tena huyo mwenyeji wanayemtaka ni nani? Barabara ya lami ya kwenda Lindi yapita Kibiti na Ikwiriri, kisha yavuka mto kwa daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003. Mtoto wa barabarani huweza kufika Dar es Salaam mara kumi kabla hajauona mkono wa mto uitwao Simba Uranga. Mkoko, mkandaa, msinzi, mchu, kwake vyote ni miti iliyosimama matopeni. Yeye na mtoto wa Mbuchi hukaa dawati moja na kuitwa wote watu wa Kibiti, na wilaya yenyewe ni changa, maana mpaka katikati ya miaka ya 2010 tulikuwa sehemu ya Rufiji na bomani petu palikuwa Utete. Wako Wandengereko na Wanyagatwa, Wamatumbi na Wazaramo, na wengi waliokuja na mtumbwi au na basi. Ukitia kufuli katika mlango wa wilaya itakubidi kutia jingine katika mlango wa kata, na jingine katika mlango wa nyumba, maana hata mume na mke hulala kitanda kimoja wakaumwa na kunguni mbalimbali.

Basi nawaacha hao, naja kwa waungwana wa huruma.

Mto Rufiji hufurika. Kila aliyeandika habari zetu ameliona hilo, na karibu kila mmoja ameliandika kwa kalamu ya msiba. Lakini mkulima wa bondeni alikuwa na hesabu nyingine. Maji yakija kwa kiasi chake huleta udongo mpya na kuyajaza samaki maziwa ya pembeni, na yakishuka huacha ardhi yenye unyevu ambayo hupandwa mahindi na mboga bila kungoja mvua. Kilimo hicho ndicho kiitwacho mlau. Shambani mtu hujenga dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, na humo huulinda mpunga wake na ndege, nyani na nguruwe, na maji yakipita chini yeye yu juu. Yako mafuriko yanayoua, naam. Yakizidi, au yakija mpunga ukiwa bado mchanga, ni njaa. Mwezi wa Aprili 2024 twaliona mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti zikimezwa, na mtu aliyethubutu siku zile kusema kwamba mafuriko ni baraka angalistahili kutupwa ndani yake. Lakini mto usiofurika kabisa nao ni njaa kwa mtu wa mlau. Kati ya njaa hizo mbili ndipo yalipokaa maarifa ya Mrufiji.

Mwaka 1968 maji yalizidi. Serikali changa ya Tanzania ilitutazama ikatuhurumia, wala sisemi kwa kejeli. Ilikuwa serikali yenye nia njema, na watu walikuwa katika taabu kweli. Ndipo ikaanza Operesheni Rufiji, miaka kadhaa kabla ya operesheni za vijiji zilizoenea nchi nzima kuanzia mwaka 1973. Watu wa bondeni walihamishwa wakapelekwa katika vijiji vya juu, mbali na maji. Kilichofuata chaeleweka kwa mtu yeyote aliyepata kulima. Watu walikuwa juu na mashamba yalikuwa chini. Ardhi ya juu ni ya mchanga mwingi, haina ile rutuba iletwayo na mto. Mwenye shamba akawa na safari ndefu kila siku, na alipolala kijijini, nguruwe na nyani hawakulala. Basi wengi wakarudi madunguni kwa msimu, na lile dungu lililokuwa kibanda cha kulindia ndege likawa nyumba ya pili, ambako familia ilikaa miezi, watoto wakiwa mbali na shule iliyojengwa kwa ajili yao huko juu.

Haya, tufikiri pamoja. Afisa aliyepanga safari ile alikosa nini? Hakukosa huruma. Alifanya neno kwa neno yale ambayo waungwana wetu huwafundisha waandishi. Alijitia mahali pa mwenzake. Alijiona ndani ya kibanda usiku, maji yakipanda, watoto wakilia, naye hajui kuogelea wala hana mtumbwi; akaogopa, na kwa hofu ile akakata shauri. Lakini hofu ilikuwa yake mwenyewe. Mwenye kibanda alikuwa na mtumbwi umefungwa nguzoni, na hesabu ya miezi kichwani. Afisa alikwenda Rufiji kwa moyo wake wote, na alipofika hakumkuta Mrufiji, alijikuta mwenyewe amevaa nguo za Mrufiji.

Hilo ndilo ninaloliogopa katika huruma ya waandishi. Mwandishi wa riwaya hana malori ya kuhamishia watu, ni kweli. Lakini akimwandika mtu kwa namna hiyo humtoa katika nafsi yake, akatia humo nafsi ya mgeni, na msomaji wa mbali hawezi kutambua, maana machozi aliyoyaona ukurasani ni machozi ya kweli. Ni ya kweli, ila si ya yule anayetajwa. Mwenye kufuli akikosea, kitabu hakiandikwi, na kesho mwingine aweza kukiandika. Mwenye huruma akikosea, kitabu kipo, chapendwa, chasomeshwa, na yule aliyeandikwa akija kusema, Mimi siko hivyo, aambiwa kwamba hana shukrani.

Mwaka ule ule wa 1968 Wilbur Smith alitoa riwaya yake Shout at the Devil, ambayo mahali pake ni delta yetu. Msingi wake ni habari ya kweli. Manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliingia katika mikono ya Rufiji mwaka 1914, ikazingirwa na Waingereza, ikaangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake kumi ilitolewa, ikavutwa nchi kavu, ikapiganishwa vita katika miaka iliyofuata. Ilivutwa na nani? Ilivutwa na watu, mamia kwa mamia, kwa kamba na mabega. Twajua jina la nahodha, Max Looff. Twajua majina ya meli mbili zilizoipiga, Severn na Mersey. Vitabu vya manowari ile vyaweza kujaza rafu nzima, na mvuta kamba ndani yake ni mkono usio na kichwa.

Riwaya ya Smith haikuliziba pengo hilo. Ni kitabu cha kusisimua, ambacho mtu hukisoma upesi mpaka mwisho. Lakini mashujaa wake na adui zake ni Wazungu, na watu wa nchi hubeba mizigo, hukimbia na kufa. Ilipotengenezwa sinema yake mwaka 1976, picha zilipigwa Malta na Afrika Kusini, hata mto haukuwa wetu. Na mwandishi huyu hakuwa mgeni wa Afrika: alizaliwa mwaka 1933 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Simlaumu kwa kuvuka. Namlaumu kwa kuvuka bure. Kwetu mwenye mtumbwi humchukua kila mtu, Mdengereko na Mzungu, lakini hudai nauli, na asiyelipa hujulikana mpaka gati la pili.

Nauli hiyo ni nini? Kwanza ni kuacha kujiuliza, Mimi ningaliona nini? na kuanza kumwuliza mwenzako, Wewe hufanya nini, saa ngapi, na nani, kwa chombo gani? Kezilahabi hakuwa msichana. Lakini alizaliwa Namagondo katika kisiwa cha Ukerewe, na Rosa Mistika, aliyoitoa mwaka 1971, imeijua nyumba ya Ukerewe: baba mlevi, barua iliyotoka kwa mvulana, kipigo. Nafsi ya Rosa waweza kuibishia, na wanawake wanayo haki ya kuwa wa kwanza katika ubishi huo. Nyumba ya Zakaria huwezi kuibishia. Kitabu kilizuiliwa mashuleni kwa muda, na sijaona watu wakikizuia kinyago cha karatasi kisiweze kuingia darasani. Vivyo hivyo Adam Shafi katika Vuta N'kuvute, iliyotoka mwaka 1999, alimwandika Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja, kwa kuwa aliijua mitaa ambayo binti huyo aliipita.

Nitatoa mfano mdogo wa darasani, maana huko ndiko ninakokula ugali. Baada ya wafugaji kuondolewa katika bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007, wengi walielekezwa pande zetu na pande za Lindi, pamoja na mifugo yao. Tangu hapo mkulima na mfugaji wamekuwa na ugomvi ambao mara nyingine umemwaga damu. Niliwapa wanafunzi insha, waandike siku moja ya mfugaji. Nusu yao waliandika shetani mwenye fimbo. Nusu ya pili, wale wenye moyo mwema, waliandika mtu anayelia kutwa kucha kwa sababu watu hawampendi. Hapakuwa na mtoto mmoja aliyeandika jinsi ng'ombe wanavyonyweshwa.

Nikawarudishia madaftari, nikawapa wiki mbili. Msichana mmoja, ambaye mpunga wa baba yake ulipata kuliwa na ng'ombe mpaka mashina, alikwenda na shangazi yake kununua maziwa, akauliza. Aliporudi aliandika habari ya mama mmoja anayeamka gizani, anayewajua ng'ombe wake kwa rangi na kwa tabia, anayeogopa mbung'o kuliko anavyomwogopa mwenyekiti wa kijiji, na ambaye akipita karibu na shamba la mpunga hutazama mbele kama mtu asiyeliona. Neno hilo la kutazama mbele halikutoka katika huruma. Lilitoka kwa mtoto aliyesimama upande wa shamba na kumwona mama yule akipita. Hakumsamehe, wala sikumtaka amsamehe. Lakini mama yule sasa alikuwa mtu, na mimi nilimpa mtoto alama ambazo sina desturi ya kuzitoa.

Najua nitajibiwa kwamba kuuliza nako kuna uchokozi wake. Ni kweli. Delta imeulizwa sana. Wamekuja wa mikoko, wa samaki, wa mamba, wa ndege. Na mwishoni mwa miaka ya 1990, ilipotakiwa kufunguliwa shamba kubwa mno la kufugia kamba, walikuja wengi zaidi, mpaka wenyeji wakaenda mahakamani, na shamba lile halikujengwa. Mtu wa kule akimwona mgeni mwenye daftari huwaza kwanza kama safari hii ni kamba au ni mikoko. Mgeni huandika, hushukuru, huondoka na maji ya kwanza, na daftari haliji tena. Kwa hiyo nauli ina nusu ya pili, ambayo ni chungu zaidi: mwandishi arudi. Aje na aliyoyaandika, ayasome kwa sauti mbele ya wale aliowaandika, pale pale kijijini. Watacheka mahali ambapo hakukusudia kicheko. Hapo na apatie alama. Watanyamaza mahali fulani. Hapo na apatie alama mbili. Waungwana wa mjini huzindua vitabu vyao katika kumbi zenye viyoyozi, mbele ya watu ambao nao hawajalala kitanda kile, na wote kwa pamoja huguswa sana.

Sasa niseme kilichonisukuma kuandika. Kati ya mwaka 2015 na 2017 wilaya za Mkuranga, Kibiti na Rufiji zilipatwa na mauaji. Waliuawa viongozi wa vijiji na vitongoji, waliuawa askari. Siku moja tu, tarehe 13 Aprili 2017, polisi wanane waliuawa kwa pamoja. Watu wengine walichukuliwa au walitoweka, na jamaa zao wakabaki wakiuliza. Azory Gwanda, mwandishi wa gazeti la Mwananchi aliyekuwa akiandika habari za mauaji hayo, alitoweka hapa Kibiti mwezi wa Novemba 2017. Yeye alilipa nauli kubwa kuliko yote niliyoyataja, na haifai mtu yeyote wa kalamu alitaje jina lake kwa wepesi. Jina la wilaya yetu likawa neno la kutishia watu. Vijana waliokwenda mjini kutafuta chumba cha kupanga walijifunza kusema kwamba wanatoka Pwani, basi, wakakomea hapo.

Habari hizo zitaandikwa kuwa riwaya. Haziwezi kukosa kuandikwa, ni nzito mno. Wenye kufuli watasema aziandike mtu wa Kibiti peke yake. Lakini askari wa Tanzania hupelekwa popote, na mama anayemlilia askari aliyefia Kibiti huenda yuko Mara au Ruvuma. Mtu wa Kibiti akiandika bila kuvuka kwenda kwa mama huyo, atamwandikia askari sare na bunduki, hatamwandikia kwao. Na mtu wa Mara asipovuka kuja kwetu, atamwandika kijana wa Kibiti kama kivuli kichakani, na mama ya kijana aliyechukuliwa usiku hatakuwamo kitabuni kabisa. Waungwana nao watawaandika mama wote wawili, tena kwa wino mzuri, nao watalia kilio kimoja, kwa maneno yale yale, katika nyumba zinazofanana.

Kitabu hicho kikifika mikononi mwangu nitaufungua kwanza ukurasa wa mama wa delta. Nitatazama kama mwandishi ajua mama yule alikuwa akifanya nini alfajiri ile kabla ya habari kumfikia. Kama ulikuwa mwezi wa kulinda mpunga, alikuwa dunguni na nani? Maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa? Maana maji yakiwa yamekupwa mtumbwi hukwama katika tope, na mleta habari hana budi kukaa humo akingoja, huku anaujua msiba ambao mwenyewe bado haujui. Nikiyakuta hayo nitaendelea kusoma, nimtafute yule mama mwingine wa Mara au wa Ruvuma, nione kama naye amepewa jiko lake, jirani zake, na jina.